Kulabu Kumi na Nane za Mgongoni

Kwa miaka ishirini na tisa Bi Kulabu aliwajua watu kwa migongo yao. Uso wa mchezaji ungeweza kumpita barabarani asiutambue, lakini mgongo hakuusahau. Huu una bega la kushoto lililoinuka kidogo. Ule una kovu la tetekuwanga chini ya shingo. Yule ukimgusa kwa vidole vya baridi anaruka kama paka aliyemwagiwa maji.

Kazi yake ilikuwa kushona, kurekebisha na kufunga mavazi ya wachezaji wa baleti, ile dansi ya watu wanaosimama kwenye ncha za vidole vya miguu kana kwamba sakafu ina moto. Chumba cha mavazi kilikuwa chini ya jukwaa. Kilikuwa na meza moja ndefu, cherehani nne, pasi mbili, na madirisha mawili madogo karibu na dari yaliyotokeza usawa wa njia ya waenda kwa miguu. Ukiinua macho kutoka kwenye sindano huoni mtu. Unaona viatu, vifundo vya miguu na mapindo ya sketi.

Kupitia madirisha hayo alijifunza jambo ambalo hakufundishwa na mtu. Kilichovaliwa jukwaani, juu ya kichwa chake, mwaka huu, mwaka ujao au wa pili yake kilipita dirishani. Vilianza viatu: vya chini, vyepesi kama soksi, vyenye utepe mdogo uliofungwa mbele. Zikafuata sketi za neti, zikitikisika magotini mwa wasichana wanaowahi ofisini. Baadaye utepe ukaanza kupanda juu ya kifundo cha mguu na kupishana mara mbili, kama ule wa jukwaani, ingawa aliyeuvaa alikuwa amebeba ndoo ya rangi.

"Huyo naye katuibia," Bi Kulabu alikuwa akisema, bila kuachia uzi alioushika kwa meno.

"Nguo haiibwi, mwanangu," mkubwa wake alimjibu. "Nguo inaazimwa. Tatizo ni wanaoazima wasirudishe hata asante."

Mkubwa huyo alikuwa mwanamke mfupi, mkali, ambaye kila mtu alimwita Bi Mkubwa, hata wakurugenzi waliomzidi cheo. Ndiye aliyempokea Bi Kulabu akiwa binti wa miaka ishirini na mitano, asiyejua tofauti ya satini na bitana, na ndiye aliyembandika jina, kwa sababu wiki nzima ya kwanza alimpa kazi moja tu: kushona kulabu, kuzifumua, na kuzishona tena.

Bi Mkubwa hakutaka kusikia habari za zipu. "Zipu ikikusaliti, imekusaliti yote," alisema. "Kulabu moja ikikatika, kumi na saba zinabaki kazini." Kwa hiyo kila kizibao cha mchezaji, ile sehemu ya kubana kifua na kiuno, kilifungwa mgongoni kwa kulabu kumi na nane, moja ikitazama kulia, ya pili kushoto, ili mtu akirushwa hewani na kudakwa zisifunguke. Ndani ya kila mshono iliachwa ziada ya vidole vitatu, maana vazi huishi kuliko anayelivaa, na mwakani atakuja mchezaji mwingine mwenye mbavu zake. Mabaki ya kitambaa hayakutupwa mpaka nguo itoke mara ya kwanza na kurudi salama. Na ukishamfunga mchezaji, kabla hajapanda ngazi, unamwekea kiganja katikati ya mabega na kumwambia neno moja: "Nenda."

Kiganja hicho hakikuwa mapambo. Mchezaji hawezi kuona mgongo wake. Kiganja kilikuwa ahadi ya fundi kwamba nyuma kuko salama. Siku hizi watu wengi wanatoa ahadi kwa mdomo, na mdomo ni mwepesi. Bi Mkubwa alitoa yake kwa mkono, na mkono ule ulikuwa umeshapitia kulabu zote.

Bi Mkubwa alistaafu, na Bi Kulabu akashika meza ndefu. Kisha ukafika mwaka ambao ukumbi uliamua kuagiza mavazi yaliyokwisha kushonwa, yanayofika kwenye maboksi. Chumba cha chini kikafungwa. Bi Kulabu akapewa cheti na mkasi wake mwenyewe, ambao kwa kweli haukuwa mali yao ya kutoa, akapanda ngazi na kutoka nje akiwa na miaka hamsini na minne.

Mdogo wake, dereva wa lori, alikuwa na chumba kimoja mbele ya nyumba, kinachotazama barabara. "Dada," alimwambia, "shonea hapo miezi mitatu. Ukipata wateja, chumba ni chako. Usipopata, kuna fundi simu anakitaka, na nimemwahidi jibu mwisho wa mwezi wa tatu. Mimi sitaki kumdanganya mtu."

"Na mimi sitaki udanganye mtu kwa ajili yangu," dada yake akajibu. Walikuwa wamelelewa hivyo.

Miezi miwili ikapita. Watu walileta suruali za kupunguza urefu na zipu za kubadilisha. Alizibadilisha, lakini kwa uso wa mtu anayemuuguza adui. Ukutani alitundika vizibao viwili vya kuonyesha kazi yake, vyenye mishono kumi ya wima, vizuri mpaka wapita njia walisimama. Walisimama, wakatazama, wakaenda zao.

"Dada, mtaa huu watu wanavaa waende kazini," mdogo wake alisema siku moja, akiwa mlangoni na kikombe cha chai. "Hawavai ili warushwe hewani."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Ndiyo maana nasema bure."

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu akaingia mwalimu. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mrefu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, na alisoma kibao cha mlangoni mpaka mwisho kabla ya kubisha, kama mtu anayetafuta kosa la kusahihisha.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukishona kule ukumbini?"

"Ndimi, mwalimu. Karibu."

"Umejuaje kama ni mwalimu?"

"Una chaki begani."

Mwalimu alijipangusa bega, akaketi. Kila mwaka, alieleza, alikuwa akiwapeleka wanafunzi wake kutazama baleti, wakikaa viti vya juu kabisa, vile vya bei ya huruma. Mwaka mmoja aliona gauni la buluu, lenye kifua kilichobana na sketi ndefu laini inayoshuka hadi chini ya magoti kama moshi. Watoto walikumbuka dansi. Yeye alikumbuka gauni. Sasa alikuwa anastaafu, na Jumamosi ya wiki ya pili walimu wa shule zote za jirani wangekuja kumuaga.

"Nataka la namna ile," alisema. "Lakini la mtu wa umri wangu, anayepanda basi. Miaka thelathini na sita nimevaa nguo zisizoonyesha vumbi. Siku moja nataka kuvaa ninayoipenda."

Bi Kulabu alilikumbuka gauni lile. Alilishona yeye. Alimpima mwalimu kimya kimya, na mikono yake ikafurahi kabla yake. Alijua pia hesabu ya jambo hilo bila kuambiwa: walimu wote wangeliona. Likipendeza, angebaki katika chumba hiki. Likiaibisha, fundi simu angeleta meza yake.

Alishona siku tisa. Kizibao alikikata vipande kumi. Sketi aliitengeneza kwa neti tabaka mbili, juu yake kitambaa chepesi, akaishusha nusu ya muundi ili isinase kwenye ngazi za basi. Akaacha vidole vitatu ndani ya kila mshono. Mabaki akayakunja na kuyaweka kwenye mfuko. Mgongoni akashona kulabu kumi na nane, moja kulia, moja kushoto.

Alhamisi mwalimu alikuja kujaribu. Bi Kulabu alimfunga kutoka chini hadi juu kwa kasi ambayo macho hayaifuati, akamgeuza kwenye kioo. Mwalimu alivaa miwani. Akaivua. Akaifuta, akaivaa tena.

"Fundi," alisema, akaipapasa sketi kwa kiganja.

Aliondoka na gauni ndani ya karatasi, na Bi Kulabu alilala usingizi mzito.

Ijumaa mchana mwalimu alirudi na karatasi ile ile. Mdogo mtu alikuwa amekaa kwenye kigoda, amepumzika safari. Mwalimu aliweka furushi mezani na kubaki amesimama.

"Siwezi kulivaa," alisema.

"Linabana?"

"Linanikaa kuliko ngozi yangu."

"Rangi?"

"Rangi haina neno. Fundi, nani atanifunga?"

Bi Kulabu alimtazama bila kuelewa.

"Mume wangu amefariki huu mwaka wa sita," mwalimu aliendelea, kwa sauti ya mtu anayeita majina darasani. "Watoto wako mbali. Jana nilijaribu. Kulabu nne za chini nilizipata kwa mkono huu. Mbili za juu nilizipata kwa kupitisha mkono begani. Zile za katikati ni za Mungu. Nikajitupia mtandio, nikaenda kumgongea jirani. Mlango akafungua kijana wa kiume, mswaki mdomoni."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwomba kiberiti."

Dereva alianza kucheka, akaona uso wa dada yake, akainamia kikombe.

"Kesho asubuhi pitia hapa," Bi Kulabu alisema upesi. "Nitakufunga mimi."

"Na nikirudi nani atanifungua? Nilale nalo mpaka Jumatatu?"

"Tia zipu, dada," mdogo wake alinong'ona.

"Zipu ya mgongoni bado iko mgongoni," dada alimkemea.

"Wahenga walishasema nyani haoni kundule," mdogo mtu akajibu. "Sembuse kulabu."

Mwalimu naye akacheka, na kicheko hicho kiliuma kuliko lawama. Bi Kulabu alikaa chini. Kwanza alikasirika, maana kazi ilikuwa safi, na fundi anayejua kazi yake huudhika anapoambiwa kasoro ambayo haimo katika mshono. Alilifungua furushi, akaligeuza gauni ndani nje. Hakuona uzi uliokaa vibaya. Kosa halikuwa kwenye gauni. Lilikuwa kwake. Katika miaka ishirini na tisa hajawahi kumshonea mtu aliye peke yake. Kila mgongo aliouvisha ulikuwa na mtu nyuma yake, na mtu huyo alikuwa yeye. Alimpima mwalimu kifua, kiuno, urefu wa mkono. Hakumuuliza swali moja dogo: nyumbani mko wangapi?

Tena, yeye mwenyewe alikuwa akiishi peke yake.

Wazo hilo lilimfanya ajitazame. Alikuwa amevaa nini? Alikuwa amevaa fulana nyepesi ya kufumwa, ya rangi ya kijivu, inayopishana kifuani na kufungwa kwa kamba ubavuni. Alikuwa nazo tatu na alizibadilisha zamu kwa zamu. Ilikuwa nguo ya mazoezi ya baleti. Wachezaji hufika asubuhi kwa miguu, kila mtu na lake, bila wa kuwafunga, na nguo hiyo mtu huivaa mwenyewe, huikaza mwenyewe, akipata joto huifungua mwenyewe. Ya kwanza alivikwa na Bi Mkubwa. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini, chumba cha chini kilikuwa na baridi, naye alitetemeka mpaka sindano ikaanguka. Mama yule mkali alivua ya kwake, akamtupia. "Vaa. Ile ya jukwaani watu wanaitazama," alimwambia. "Hii watu wanaishi nayo."

Alikuwa ameivaa miaka ishirini na tisa bila kulifikiri neno hilo. Ndivyo ilivyo kwa mema mengi tunayotendewa. Huanza kwa kutupa joto, kisha tukayazoea, na mwisho tukadhani tumezaliwa nayo.

"Mwalimu," alisema, "una haraka?"

"Nimeomba ruhusa mpaka jioni. Ni ruhusa yangu ya mwisho, lazima niitumie yote."

"Basi kaa. Shika kifumulio hiki. Fumua kulabu zote, usivute, utachana satini. Na wewe," alimgeukia mdogo wake, "washa pasi."

"Mimi ni dereva."

"Pasi nayo ina usukani. Iendeshe taratibu, usisimame katikati ya njia."

Wakafanya kazi watatu, chumba kidogo, mlango wazi. Mwalimu alifumua kulabu na kuzipanga mezani safu mbili, kama wanafunzi mstarini. Bi Kulabu aliziba mgongo moja kwa moja kwa mshono, akafungua kifua katikati. Vidole vitatu vya ziada vilimpa nafasi ya kupumua. Mfuko wa mabaki ulimpa vipande viwili vya mbele, vya kupishana kutoka bega hadi kiuno. Akaacha tundu kwenye mshono wa ubavu ili kamba moja ipite ndani na kuzunguka nyuma, ikutane na mwenzake mbele, karibu na kitovu. Kamba alizikata kwenye utepe wa satini aliokuwa ameuhifadhi tangu ukumbini. Alipokuwa akikunja pindo la mwisho, jua lilikuwa bado kwenye ukuta wa mbele.

"Vaa mwenyewe," alisema, akamsogezea pazia.

Bi Kulabu alisikia neti ikichakarika nyuma ya pazia. Mikono yake haikujua ikae wapi. Ilizoea kuitwa. Kisha mwalimu akatoka, gauni la buluu limekaa, kifua kimepishana vizuri, fundo la utepe limefungwa na yeye mwenyewe, limepinda kidogo upande mmoja. Bi Kulabu alitaka kulinyoosha. Akajizuia. Lilikuwa fundo la mwenyewe.

Mwalimu alilifungua, akalifunga tena mbele ya kioo. Akalifungua kwa mara ya tatu, bila haja yoyote, kwa raha tu.

"Nimepumua, nalo limekaa," alisema. "Lile la jana lilikuwa zuri zaidi?"

"Lile lilikuwa la jukwaani," fundi akajibu. "Hili ni lako."

Mwalimu alipogeuka kwenda mlangoni, Bi Kulabu alinyanyua mkono bila kufikiri, akamwekea kiganja katikati ya mabega. Hapakuwa na kulabu ya kukagua.

"Nenda," alisema.

Jumatatu walikuja walimu wawili, kila mmoja akijifanya amepita tu. Jumatano akaja muuguzi, akauliza kama gauni la kufungia mbele kama lile la mwalimu linaweza kushonwa kwa pamba, maana anavaa saa kumi alfajiri gizani ili asimwamshe mtoto. Bi Kulabu alimuuliza kila mmoja swali ambalo hakumuuliza mwalimu, na kila mmoja alikuwa na hadithi ya kueleza kabla ya kipimo. Mmoja bega lake halinyanyuki. Mwingine anaishi na mama mkwe, wala hataki kumwomba lolote. Kati ya vile vizibao viwili vya ukutani alishusha kimoja, kingine akakiacha, maana heshima ya ulikotoka haifutwi.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa tatu, mdogo wake alikwenda kwa fundi simu kabla ya siku ya ahadi, akamwambia kwa adabu kwamba chumba kimepata mwenyewe. Fundi simu hakukasirika. Aliuliza kama huyo fundi anaweza kumshonea mkewe.

Jumapili iliyofuata Bi Kulabu alikwenda kumtembelea Bi Mkubwa. Mama huyo sasa alikuwa anakaa kwa binti yake, chumba cha nyuma, kwenye kiti karibu na dirisha. Dirisha hili lilikuwa la kawaida, na watu walionekana kutoka kichwani hadi miguuni. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, lakini ulimi ulikuwa vilevile.

"Umeniletea nini?"

Alimpa fulana ya kupishana, ya pamba laini, rangi ya kijivu. Bi Mkubwa hakuitazama mbele. Aliigeuza ndani nje na kuisogeza karibu na macho, mshono kwa mshono.

"Vidole vitatu," alisema. "Vizuri."

Kisha Bi Kulabu alimsimulia yote: mwalimu, jirani mwenye mswaki, kiberiti. Alisimulia kosa lake bila kulipunguza.

"Ulimwekea kulabu kumi na nane mgongoni mtu anayeishi peke yake?" Bi Mkubwa aliuliza polepole. "Nani alikufundisha ujinga huo?"

"Wewe."

Bikizee alimkazia macho. Mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka binti yake akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

"Na fulana ya mazoezi nani alikupa?" aliuliza, akijifuta machozi.

"Wewe pia."

"Basi tumelipana."

"Hapana," Bi Kulabu alisema. "Mimi bado nadaiwa asante. Miaka ishirini na tisa sikuisema. Ahsante, Bi Mkubwa."

Bi Mkubwa alinyoosha mikono yake kama mtoto anayevishwa. "Nivalishe. Mimi hata kamba za mbele siziwezi tena."

Bi Kulabu alimpitishia mkono mmoja, kisha wa pili, akapishanisha kifua, akapitisha kamba kwenye tundu la ubavu na kuizungusha. Akapiga magoti mbele ya kiti kufunga fundo. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi kumfunga mtu huku wanatazamana.

"Usikaze sana," Bi Mkubwa alimwambia.

"Sikazi."

"Umekaza."

Akalifungua, akalifunga upya.